Mgodi Bila Lori

Oktoba 1972 meli ya Kijerumani, Birte Oldendorff, ilifika bandari ya Le Havre nchini Ufaransa ikiwa na zaidi ya tani elfu moja za shaba ya Chile kutoka mgodi wa El Teniente. Kampuni ya Kimarekani ya Kennecott, iliyokuwa ikiuendesha mgodi huo kabla haujataifishwa, ilikuwa imeshatangulia mahakamani Paris kudai kwamba mzigo ule ni mali yake. Makuli wa Le Havre nao wakagoma kuupakua kwa kuwaunga mkono wenzao wa Chile. Meli ikageuza kwenda Rotterdam, na mawakili wakaifuata hukohuko. Kwa majuma kadhaa, wanunuzi wa shaba barani Ulaya walikuwa na swali moja tu: nikinunua mzigo huu, nitashtakiwa?

Miaka ishirini kabla ya hapo, Juni 1952, meli ya mafuta Rose Mary ililazimishwa kuingia Aden, wakati huo koloni la Uingereza, kwa kuwa ilibeba mafuta ya Iran. Iran ilikuwa imetaifisha mafuta yake 1951. Visima vilikuwa vyake, kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta cha Abadan kilikuwa chake. Meli za kuyapeleka sokoni hazikuwa zake, na baada ya Rose Mary wenye meli wachache walithubutu kujaribu tena.

Nimeanza na meli kwa makusudi. Kwetu habari za serikali za mrengo wa kushoto katika nchi zenye madini na mafuta husimuliwa kama ngano ya watu wawili, beberu na mzalendo. Mzalendo anachaguliwa, anataifisha, beberu anakasirika, mzalendo anauawa. Ngano hii si ya uongo, na ushahidi mwingine wameutoa mabeberu wenyewe: mwaka 2013 CIA ilikiri rasmi kwamba ilihusika kumwangusha waziri mkuu Mohammad Mossadegh wa Iran Agosti 1953. Kasoro ya ngano hii ni kwamba inawaacha nje watu wengi mno. Yuko wapi mwenye lori? Yuko wapi mwenye duka, fundi anayelipwa kwa dola, meya, kanali, hata mchimbaji mwenyewe? Beberu asiye na mwenyeji wa kumpokea hupata taabu. Akimpata, hata hana haja ya kuja mwenyewe.

Kiswahili nacho kinatuchanganya kidogo hapa. Zanzibar ya Januari 1964 tunaita mapinduzi, na alichokifanya Jenerali Augusto Pinochet huko Chile Septemba 1973 tunakiita mapinduzi vilevile. Neno moja linabeba tabaka la chini lililopanda na jeshi lililolirudisha chini. Msomaji itabidi aangalie mwenyewe kila mara ni nani aliyepinduliwa na nani aliyefaidika.

Nchi ya mgodi ina umbo lake kitabaka. Kwenye nchi ya viwanda, bepari na mfanyakazi hugombania mshahara na saa za kazi, na serikali hujifanya mwamuzi. Kwenye nchi ya mgodi, watu wachache huchimba kinacholisha hazina nzima. Chile ya 1970 ilitegemea shaba kwa takriban robo tatu ya fedha zake za kigeni, ilhali wachimbaji wa migodi mikubwa walikuwa kundi dogo tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 9. Ugomvi mkubwa kwa hiyo hauko shimoni. Uko pale fedha ya mnunuzi wa nje inapoingia serikalini: nani kashika bomba, na nani kapanga ndoo mbele. Anayeshika serikali hushika bomba, ndiyo maana uchaguzi kwenye nchi za namna hii hupiganwa kama vita.

Kongo ndiko mkono wa nje haukuhangaika hata kujificha. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, Julai 11, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba jimbo hilo limejitenga. Askari wa Ubelgiji walimlinda. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906 na ambayo mgodi wake wa Shinkolobwe ulitoa urani ya bomu la Hiroshima, ikaanza kulipa kodi kwa Tshombe badala ya serikali kuu. Waziri mkuu Patrice Lumumba akabaki na bendera, madeni na jeshi lililokwisha kuasi. Septemba aliondolewa madarakani, na usiku wa 17 Januari 1961 akauawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kilichosalia cha mwili wake, jino moja, Ubelgiji iliirudishia familia yake Juni 2022.

Mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1970 aliichora historia ya nchi yake kwa picha kama mia moja na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga, aliwachora watu hao watatu wakiwa wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu. Ni picha isiyosahaulika. Ila hutamwona humo mwenye duka.

Tshombe hakuokotwa barabarani. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri, na nyuma yake palikuwa na historia ya kitabaka iliyopindishwa. Desemba 1941 wachimbaji wa Union Minière waligoma Élisabethville, na askari wakawamiminia risasi kwenye uwanja wa mpira, wakafa makumi. Mgogoro ule ulikuwa wazi, Mwafrika anachimba na Mzungu analipa. Ulipofika uchaguzi wa manispaa wa 1957, wengi wa mameya walioshinda walikuwa watu wa asili ya jimbo la Kasai, ambao kampuni yenyewe ndiyo iliyowaleta Katanga kufanya kazi. Mwaka uliofuata wenyeji wenye mali na elimu kidogo wakaunda chama cha CONAKAT, hoja yao kubwa ikiwa Katanga ni ya Wakatanga, na walowezi wa Kizungu wakaona hapo wamepata ndugu. Swali la nani anamnyonya nani likageuzwa kuwa swali la nani mwenyeji na nani wa kuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaulizwa tena, na watu wa Kasai wakafukuzwa kwa maelfu kutoka miji ya Likasi na Kolwezi, wengi wakifia kwenye vituo vya reli wakingoja treni.

Wanamapinduzi wa nje nao hawakuisoma ramani vizuri. Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akiwa na jina la Kiswahili alilopewa, Tatu. Novemba aliondoka, akaandika bila kuficha kwamba wameshindwa. Moja ya mambo yaliyomtatiza ni kwamba wakulima wa kule hawakuwa na njaa ya ardhi. Ardhi walikuwa nayo. Alikwenda na matabaka ya Cuba mfukoni, akakuta mengine.

Chile ndiyo ya kukaliwa kitako, kwa sababu pale kila kitu kilifanyika mchana kweupe, kwa sheria, katika nchi yenye bunge la zaidi ya karne moja.

Salvador Allende alishinda uchaguzi wa 4 Septemba 1970 kwa asilimia 36.6 ya kura. Mpinzani wake wa kulia alimkaribia sana, na wa tatu alikuwa mdemokrasia wa Kikristo ambaye naye aliahidi kutaifisha shaba. Tarehe 15 Septemba Rais Nixon alimwita mkuu wa CIA, Richard Helms, akamwagiza amzuie Allende asiapishwe. Katika maandishi ya Helms ya mkutano ule imo dola milioni 10 na imo nia ya kuubana uchumi wa Chile mpaka upige kelele. Mwezi uliofuata Jenerali René Schneider, mkuu wa jeshi la nchi kavu aliyeshikilia kwamba askari hawana kazi na siasa, alipigwa risasi na watu waliotaka kumteka, akafa. Bunge likamthibitisha Allende hata hivyo.

Halafu likafuata jambo ambalo wengi hulisahau. Tarehe 11 Julai 1971 Bunge la Chile lilipitisha utaifishaji wa shaba kwa kauli moja. Hakuna mbunge wa kulia aliyepinga! Katika suala la mgodi Chile haikuwa na matabaka, ilikuwa taifa. Serikali ikapiga hesabu ya faida iliyozidi asilimia 12 kwa mwaka tangu 1955, ikapata dola milioni 774, ikazikata kwenye fidia. Kampuni za Anaconda na Kennecott zikaambiwa hazidai kitu. Mimi naona hesabu ile ilikuwa ya haki. Ilikuwa pia hesabu ya mtu asiyejua wapi atapata vipuri kesho.

Maana mgodi ni nini? Shimo, mitambo, na kamba ndefu ya vitu vinavyotoka nje. Msaada wa Marekani kwa Chile ulishuka kutoka dola milioni 35 mwaka 1969 hadi milioni 1.5 mwaka 1971, na mikopo ya benki yake ya biashara ya nje ikafika sifuri. Msaada wa kijeshi peke yake haukukatwa, nadhani sababu haihitaji maelezo. Bei ya shaba nayo ilikuwa imeporomoka. Mwishoni mwa 1972 wizara ya uchumi ilikadiria kwamba karibu theluthi ya malori ya dizeli ya mgodi wa Chuquicamata yamesimama kwa kukosa vipuri au matairi, pamoja na theluthi ya mabasi ya serikali na teksi moja kati ya tano. Anayejua gereji za Dar es Salaam za mwanzoni mwa miaka ya 1980, lori limewekwa juu ya mawe na dereva ananywa chai, ataiona picha hiyo bila kuchorewa.

Sasa tuje kwa mwenye lori. Chile ni nchi nyembamba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000, na chakula chake kilisafiri kwa barabara. Oktoba 1972, huko Aysén kusini kabisa, serikali ilipanga kuanzisha shirika la umma la usafirishaji. Wenye malori wakazima injini, na mgomo ukaenea nchi nzima. Wenye maduka wakafunga, wakafuata madaktari, wahandisi na mawakili. Wengi wa wenye malori hawakuwa matajiri. Mwenye lori wa kawaida alikuwa mtu wa lori moja au mawili, la mkopo, ambalo ndilo shamba lake na pensheni yake. Kwa mizani ya vitabu alikuwa karibu na mfanyakazi kuliko na mwenye benki. Ila alipoambiwa shirika la umma linakuja, hakusikia neno ujamaa. Alisikia kwamba lori lake litachukuliwa.

Je, fedha za Marekani zilikuwamo? Kamati ya Seneti ya Marekani iliyochunguza mambo haya 1975 ilikuta kwamba CIA ilitumia kiasi cha dola milioni 8 nchini Chile kati ya 1970 na mapinduzi, zaidi ya milioni 1.5 zikienda kwenye gazeti moja, El Mercurio. Kuhusu wenye malori iliandika kwamba fedha hazikuidhinishwa kwao moja kwa moja, ila vyama vya wafanyabiashara vilivyopewa fedha ndivyo vilivyowaunga mkono, na kimojawapo kilipitisha dola 2,800 kinyume cha masharti. Tunaweza kubishana juu ya dola hizo mpaka alfajiri. Mgomo unaosimamisha nchi nzima haununuliwi kwa dola 2,800. Fedha ya nje ilimkuta mtu ambaye tayari amekasirika, ikampa posho ya kuendelea kukasirika.

Makosa mengine yalikuwa ya Allende mwenyewe. Mwaka 1971 aliongeza mishahara na kuzuia bei zisipande, na watoto wakapewa nusu lita ya maziwa kwa siku. Watu waliokuwa wakila nyama kwa nadra wakaanza kuinunua, mpaka maduka yakakauka, na Desemba mwaka huo wanawake wa mitaa ya wenye nazo wakaandamana Santiago wakigonga sufuria tupu. Kufikia 1973 mfumuko wa bei ulikuwa wa mamia ya asilimia. Matbaa iliyochapisha fedha ile haikuendeshwa na Nixon.

Pigo chungu kuliko yote lilitoka El Teniente. Aprili 1973 wachimbaji wa mgodi uleule uliokuwa umepigiwa vigelegele waligoma kudai nyongeza ya mishahara, wakakaa zaidi ya miezi miwili, wengine wakaandamana hadi Santiago na kupokewa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki, ngome ya wapinzani. Serikali ya wafanyakazi ikapambana na wafanyakazi, na wapinzani wakawabebea maji wagomaji. Huwezi kuwaita vibaraka. Walikuwa watu wa tabaka la wafanyakazi waliokuwa na mshahara mzuri kuliko wenzao, na waliona mfumuko wa bei unaula. Allende alitaka wafikirie nchi, nao wakafikiri juu ya duka la jioni ile.

Pamoja na yote, katika uchaguzi wa bunge wa Machi 1973 muungano wake ulipata takriban asilimia 44, zaidi ya alizopata yeye 1970. Wapinzani wakaona kwamba kwa sanduku la kura hawatamwondoa kabla ya muda wake. Mwishoni mwa Julai malori yakasimama tena, na yalikuwa bado yamesimama ndege zilipoipiga ikulu ya La Moneda kwa mabomu tarehe 11 Septemba.

Kilichofuata kinavuruga ngano zetu zote. Pinochet alivunja vyama vya wafanyakazi, akarudisha viwanda vingi na sehemu ya mashamba kwa wenyewe wa zamani, akawalipa Wamarekani fidia. Shaba hakuirudisha! Mwaka 1976 aliikusanya migodi mikubwa ndani ya shirika la umma, Codelco, na asilimia 10 ya mauzo yake ya nje ikaenda jeshini kununulia silaha, utaratibu uliofutwa kwa sheria mwaka 2019 tu. Jenerali aliyempindua msoshalisti akaishi kwa mali aliyoitaifisha msoshalisti. Kama vita vingekuwa vya shaba peke yake, mambo yasingekwenda hivyo. Vilikuwa pia vya nani atoe amri kiwandani na nani apate nini mezani, na katika hilo upande wa Pinochet ulishinda kabisa.

Basi kutaifisha si alama ya mrengo wa kushoto. Mobutu wa Kongo, aliyewekwa na kulindwa na Wamarekani, aliichukua Union Minière Januari 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Ila uuzaji wa shaba ukaachwa mikononi mwa kampuni dada ya walewale Wabelgiji. Kenneth Kaunda alichukua asilimia 51 ya migodi ya Zambia kwa tangazo la 1969, na kwa miaka kadhaa uendeshaji na uuzaji ukabaki kwa wenyewe wa zamani. Mwaka 1967 Chile, Peru, Zambia na Kongo ziliunda umoja wa wauza shaba, CIPEC, zikitumaini kufanya yale OPEC ilikuja kuyafanya na mafuta. Haukuweza kupandisha bei. Kila mmoja aliogopa mwenziwe atauza kwa mlango wa nyuma.

Huku ndani kukazaliwa tabaka jipya. Mwaka 1970 Issa Shivji aliandika kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya mapambano ya kimya ya matabaka, akionya kwamba mali ya umma inaweza kuzaa mabwanyenye wa ofisini. Jarida la wanafunzi lililomchapisha, Cheche, likapigwa marufuku mwaka huohuo. Mtaani watu walikuwa na maneno yao tayari, naizi na wabenzi. Gécamines ni somo la tabaka hilo lisipokuwa na wa kulizuia. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha tani 50,000. Mapato yalikwenda ikulu, vipuri havikununuliwa, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Hapo hakukuwa na kikwazo hata kimoja cha Washington.

Venezuela imetuonyesha yote mawili kwa zamu, hujuma ya wapinzani na uozo wa ndani. Desemba 2002 mameneja wa shirika la mafuta la PDVSA walisimamisha uzalishaji ili Rais Hugo Chávez aanguke. Hakuanguka, akawafukuza wafanyakazi wapatao 18,000. Kwa miaka kadhaa bei kubwa ya mafuta ilipunguza umaskini kwa kasi kweli. Lakini waliofukuzwa ndio waliojua visima, na waliowafuata walichaguliwa zaidi kwa utiifu. Bei iliporomoka 2014, na nchi ilikuwa imeshazama vikwazo vya Marekani vya fedha vilipokuja 2017 na vya mafuta 2019. Vikwazo vikamkandamiza aliyekwisha kuzama. Wanaosema ni vikwazo tu, na wanaosema ni ujamaa tu, wote wanafuta nusu ya kalenda.

Na Bolivia? Rais Evo Morales alipeleka askari kwenye visima vya gesi 1 Mei 2006, kisha akafanya jambo lisilo na kelele: akakaa na kampuni zilezile na kuandika mikataba mipya yenye sehemu kubwa kwa serikali. Alidumu zaidi ya miaka 13. Hata yeye aligongana na wachimbaji wa vyama vya ushirika, waliomsaidia kupanda. Walikuwa wamegeuka waajiri wadogo wanaotaka kuingia mikataba na kampuni binafsi, na Agosti 2016 walimuua kwa kipigo naibu waziri Rodolfo Illanes aliyekwenda kuzungumza nao.

Kwa hukumu yangu, serikali zilizoanguka hazikuanguka kwa sababu ya kugusa mgodi. Kwenye mgodi zilikuwa na nchi nzima nyuma yao. Zilianguka kwenye masafa kati ya mgodi na sahani ya mtu: meli, bandari, kipuri, lori, duka, na yule mwananchi wa katikati ambaye hazikumwandalia jibu. Mgeni alipita hapo kwa sababu hapo palikuwa wazi.

Kongo leo ni ya pili duniani kwa shaba baada ya Chile, na hutoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine zote zikijumlishwa. Sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka Kolwezi na Likasi kwa barabara, ikapita Kasumbalesa, ikavuka Zambia, ikaingia Tunduma na kushuka bandari ya Dar es Salaam. Ukisimama Tunduma jioni utaona foleni ya malori isiyo na mwisho, vibao vya namba vya nchi nne au tano, madereva wamekoka mkaa pembeni wanasubiri ugali. Mwanasiasa wa nchi yoyote kwenye barabara hiyo akikuahidi kwamba ataurudisha mgodi kwa wananchi, mpigie makofi, halafu muulize malori yale ni ya nani.